Je, Wajua? Moto, Hoteli na Vumbi la Chai

Je, wajua kwamba hoteli ya Stanley jijini Nairobi iliteketea ikiwa na umri wa miaka 3 tu? Mayence Bent, fundi wa nguo na kofia, aliifungua mwaka 1902 katika barabara ya Victoria, ambayo leo ni Tom Mboya. Mwaka 1905 moto ukaizoa barabara hiyo. Nairobi ya wakati huo ilikuwa mji wa mbao na mabati, na mbao kavu hazimsubiri mtu akimbilie ndoo.

Mama huyo hakukata tamaa. Alihamishia wageni wake barabara ya Government, sasa Moi Avenue, katika jengo ambalo mafundi hawakuwa wamelimaliza. Hoteli hiyo ilipouzwa, jina likaenda na mnunuzi. Ndiyo sababu ile mpya aliyoijenga Bent iliitwa New Stanley.

Hoteli ya Treetops ya Nyeri nayo, alikolala Elizabeth wa Pili wa Uingereza usiku aliporithi ufalme mwaka 1952, ilichomwa na wapiganaji wa Mau Mau mwaka 1954.

Je, wajua kwamba neno “wazimamoto” liliwahi kutisha kuliko moto wenyewe? Enzi za ukoloni, kuanzia Mombasa na Nairobi hadi Kampala, ulienea uvumi kwamba wazimamoto huteka watu usiku na kuwanyonya damu. Mwaka 1947 umati ulishambulia kituo chao Mombasa. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 2000. Wenyeji waliona serikali isiyowajali ikituma magari na watu wenye sare, wakajijazia maelezo wenyewe. Siwacheki. Lakini roho inaniuma nikimfikiria kijana aliyeajiriwa kuokoa nyumba za watu, akina mama wakiwaficha watoto kila apitapo.

Huku kwetu Kericho, wakati wa moto wa Stanley, hapakuwa na mashamba makubwa ya chai. Hayo yalikuja miaka ya 1920.

Na je, wajua kwamba huku kwetu, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri, ndani ya kiwanda cha chai mna sehemu kavu kama kiberiti? Jani linaloingia likiwa zaidi ya robo tatu maji hutoka na unyevu wa asilimia 3 hivi. Vumbi lake jepesi hupanda na kutua juu ya boriti na mashine, na chini kuna tanuri linalolishwa kuni za mkaratusi. Cheche moja yatosha. Anayefagia boriti hizo anazima moto kabla haujawaka, na anastahili heshima ya mzimamoto.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti kazi ya zimamoto. Moto ukizuka Litein au Mogogosiek, piga 999 au 112, kisha utaje kituo cha majani ya chai kilicho karibu, na umtume mtu akalingoje gari la zimamoto barabarani.