Pleisteshen au Xbox? Tazama tundu la diski (Sehemu ya Pili)

Toleo lililopita tulizungumzia runinga. Leo tuje kwenye mashine yenyewe. Mzazi wa Korogwe au Handeni akiingia dukani kutafuta mashine ya gemu, muuzaji humsifia kasi na uzuri wa picha. Kati ya PS5 na Xbox Series X, zote za Novemba 2020, tofauti hiyo ni ndogo. Kwenye runinga ya inchi 32 hata mwenyewe hutaiona. La kuuliza ni kama mashine inameza diski.

Xbox Series S ilianza kuuzwa kwa dola 299, PS5 yenye diski dola 499. Bei tamu, ila Series S haina tundu. Kila gemu sharti ulishushe kwa intaneti, na gemu la mpira la siku hizi hupita GB 40. Piga hesabu ya bando kabla hujafurahia punguzo. Halafu gemu la kushusha huwezi kumwazima jirani wala kuliuza ukilichoka. Diski ya PS4 huzunguka mtaa mzima, kutoka Manundu hadi Old Korogwe, na ukiongeza pesa kidogo unabadilishiwa nyingine.

Xbox yenyewe haina ubaya. Series X inasoma diski nyingi za Xbox 360, ilhali PS5 ikishapita PS4 haitambui kitu. Lakini hizo diski za 360 utaziazima kwa nani Handeni? Vibanda vya gemu vilikua na PS2, kisha PS3. Vidole vya vijana vimezoea pedi ile, na mafundi nao wamefuata huko huko. Na ukikutana na Xbox 360 ya mtumba kutoka Marekani, soma kwanza maandishi ya adapta: ile ni ya volti 110 hivi, na soketi zetu ni 230.

Mimi ningenunua PS4 ya mtumba. EA Sports FC 25 ya mwaka 2024 bado ilitolewa kwa PS4, na diski zake nyingi zitaingia kwenye PS5 yenye tundu siku mfuko ukiruhusu. Luku nayo itapumua: PS5 kwenye gemu zito hukaribia wati 200, yaani saa tatu kila siku ni uniti 18 kwa mwezi, runinga bado. Kwa nyumba iliyo kwenye tarifa ya uniti 75, hiyo ni karibu robo.

Dukani usikubali kuonyeshwa taa tu. Weka diski, cheza mechi nzima, sikiliza feni. Kisha achia pedi: mchezaji akijongea mwenyewe, analogi imekwisha. Mulika matundu ya nyuma kwa tochi ya simu. Vumbi jekundu likiwa limeganda humo, mwambie muuzaji aifungue na kuisafisha mbele yako kabla hujatoa hela.

Toleo lijalo: PS3 zilizochipiwa.