Sponji Iliyokufa Haifufuki kwa Mvuke

Swali ni lile lile, linabadilika jina la kochi tu: "Fundi, sponji ya asili imelala kidogo, nikiipiga mvuke si itainuka?" Haitainuka. Nimeshajibu hivi kwa simu, kwa ujumbe wa sauti na mlangoni mwa karakana. Leo naandika, ili atakayefuata nimwelekeze hapa.

Wanaouliza wana mali mkononi: makochi ya mtu mmoja ya Kiitaliano, ya miaka ya 1950 hadi 1970, mengine yaliyonunuliwa Malindi na Watamu kwenye nyumba za Waitaliano. Fremu nzima, umbo la kuvutia, ila ukikaa unazama. Hapo ndipo jirani anapomletea mwenye kochi mashine ya mvuke ya kunyooshea nguo.

Tuangalie kilichomo ndani. Kochi la Lady la Marco Zanuso, lililopata medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya Triennale ya Milano mwaka 1951, halikujazwa singa za farasi kama makochi ya zamani. Arflex, kampuni iliyozaliwa kwa mkono wa Pirelli, waundaji wa matairi, ililijaza sponji ya mpira juu ya mikanda inayonyumbuka. Baadaye wengi walihamia poliurethani, kama ilivyo kwenye kochi la Soriana la Afra na Tobia Scarpa la mwaka 1969. Sponji zote hizi huzeeka. Ile ya mpira huliwa na oksijeni na mwanga: hukauka ikawa ngumu kama ganda la mkate, halafu ikawa unga. Poliurethani ziko za aina mbili. Ya etha huchakazwa na hewa na mwanga vilevile. Ya esta huvunjwa na maji. Unyevu wa hewani peke yake, tena wa pwani, unatosha kukata minyororo ya molekuli zake. Sasa mvuke ni nini, kama si maji ya moto?

Kwa hiyo anayepiga mvuke anaharakisha kifo cha kitu anachodai kukiokoa. Na hasara haiishii kwenye sponji. Joto na unyevu hulegeza gundi ya zamani kwenye viungo vya fremu, na mikanda ya mpira iliyokwisha kuchoka haipati nafuu yoyote. Kweli, baada ya mvuke kochi huonekana limefura kidogo, kwa sababu kitambaa kimenyooka na tabaka la nyuzi za poliesta lililo juu ya sponji limesimama. Mwenye kochi anapiga picha, anafurahi. Akilikalia jioni mbili tatu, amezama tena.

Najua imani hii inapata nguvu wapi. Mwaka 1969 Gaetano Pesce alibuni viti vya UP, vilivyouzwa vikiwa vimebanwa bapa ndani ya plastiki. Ukikata plastiki, kiti kinafura chenyewe mbele ya macho yako. Kisa ni cha kweli. Lakini ile ilikuwa sponji mpya, vijitundu vyake vizima, iliyobanwa tu na kunyimwa hewa. Yako haijabanwa, imeoza. Fungua kitambaa cha chini uone: unga wa kahawia unamwagika sakafuni kabla hujamaliza kung'oa pini, na ukibonyeza kwa kidole gumba, kidole kinapenya hadi kwenye mkanda.

"Lakini thamani ya asili?" Makumbusho hupulizia sponji kuukuu dawa ya kuishikiza, sawa, lakini viti vyao havikaliwi. Wewe unataka kukaa.

Basi fanya hivi. Piga picha kila hatua. Vua kitambaa cha zamani taratibu, usikitupe. Ndicho kiolezo cha kukatia kipya. Pima unene wa sponji mahali palipobaki pazima, kwani umbo la kochi limo humo. Badilisha mikanda yote, si ile iliyokatika tu. Sehemu ya kukalia weka sponji ya kilo 35 hadi 40 kwa mita ya ujazo, mgongoni nyepesi zaidi. Na ugumu si ubora, iko sponji ngumu ya hovyo. Ukipata sponji ya mpira halisi, Lady litakushukuru. Funika kwa poliesta nyembamba. Kitambaa kiwe cha sufu au chenye kunyumbuka kidogo, kwa sababu mikunjo ya makochi haya haisamehi kitambaa kikavu. Vitambaa vile vyeupe vya vijifundo ambavyo kila mtu anavitaka sasa huzika mistari yote aliyoichora mbunifu. Ukisisitiza nitakushonea, ila nimesema. Lady sehemu zake huvishwa moja moja kisha zikaunganishwa, hivyo unaweza kulitengeneza kwa awamu kadiri mfuko unavyoruhusu.

Na kama bado hujanunua, pindua kochi juu chini mbele ya muuzaji, uligonge chini ya kiti kwa kiganja. Ukiona unga, hesabu sponji, mikanda na kitambaa kipya, utoe gharama hiyo kwenye bei kabla ya kufungua pochi.