Tambi za Malai kwa Hemu na Maharage

Katika nchi ya Italia, ambako watu wa Toscana wamepewa na majirani zao lakabu ya walaji maharage, tambi na maharage ni chakula cha kale cha mafukara na wakulima, kikipikwa taratibu tangu asubuhi. Walakini kutia malai katika tambi pamoja na hemu, yaani paja la nguruwe lililokolezwa chumvi, ni ada iliyoshamiri miaka ya 1970 na 1980, na wapo wapishi wa huko wanaoitazama hata leo kwa jicho la dharau. Mimi siidharau, ila naona wengi huiharibu kwa kumimina malai kupita kiasi.

Ulaini wa rojo hautokani na wingi wa malai, bali na wanga. Tambi kavu za ngano ngumu, zikichemka, huacha sehemu ya wanga wake majini, na maji hayo meupe yenye utelezi, ambayo aghalabu humwagwa, ndiyo yanayoyashika mafuta ya malai na ya jibini yasijitenge. Maharage nayo yana wanga wake: twaa meupe ya kopo, ambayo yamekwisha iva, uyasuuze, kisha uponde konzi moja kwa mgongo wa mwiko mle mle kikaangoni, ambamo hemu iliyokatwa vipande vyembamba imekwisha geuka rangi kwa siagi, na utaona rojo likishikana hata kabla ya malai kutiwa.

Kanuni ya Waitalia ni lita 1 ya maji na gramu 10 za chumvi kwa kila gramu 100 za tambi. Lakini hapa, maadamu hemu na jibini zina chumvi yake, gramu 6 au 7 kwa lita zatosha, na kwa watu 4 lita 3 si haba, kwani maji yakipungua wanga hukolea. Malai, nusu kikombe tu, na kungumanga kidogo iliyoparuzwa.

Asiyekula nguruwe kwa sharia ya dini yake atumie nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi, naye aonje chumvi yake kwanza.

Tambi ziepuliwe dakika moja kabla hazijaiva barabara, zimalizikie rojoni. Jibini itiwe baada ya kikaango kuondolewa motoni, kwa sababu ikikutana na rojo linalotokota hugandamana ikawa nyuzi. Na kikombe kimoja cha yale maji kiwekwe akiba, maana rojo hili hukaza upesi likipoa, na mgeni akichelewa kufika mezani, vijiko viwili vya maji ya moto hulilegeza.