Kwa nini sindano ya ganzi wakati mwingine haishiki?

Baadhi ya wasikilizaji wetu hutuuliza: mbona nilichomwa ganzi na jino likauma vilevile?

Dawa inayotumika sana ni lignokeini. Hailazi mtu usingizi. Huingia ndani ya neva na kuziba vijitundu ambavyo madini ya sodiamu hupitia. Sodiamu isipopita, taarifa ya maumivu haifiki kwenye ubongo. Ndiyo maana unaweza kuhisi jino likisukumwa bila kusikia uchungu.

Penye usaha, nyama huwa na asidi nyingi. Asidi hiyo huizuia dawa kupenya kwenye neva, na ganzi haishiki vizuri. Daktari anaweza kuchoma mbali kidogo na uvimbe, au kutoa usaha kwanza. Kuongeza sindano ovyo ni hatari: dawa ikizidi kwenye damu huleta degedege, hata moyo kusimama. Kipimo hufuata uzito, hivyo mtoto hupewa kidogo.

Basi tusivumilie kimya. Ukisikia maumivu, inua mkono. Mweleze daktari kama una ugonjwa wa moyo au uliwahi kudhuriwa na ganzi. Na jino likianza kuuma, wahi kituo cha afya kabla halijatunga usaha.