Toleo jipya, mzigo wa zamani

Kwa mwenye duka la madaftari na vitabu huku Murukulazo, Ngara, hesabu ya neno "toleo" ni hesabu ya mtaji. Kitabu kimesafiri zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam, nauli imeongezwa juu ya bei, kisha mzazi anakishika, anakigeuza na kuuliza: "Hiki ni cha mtaala mpya?" Jibu likiwa hapana, kinarudi rafu ya juu kukusanya vumbi. Mwenye duka dogo alikwisha kulipa taslimu, hana wa kumrudishia.

Katika biashara ya vitabu kuna chapa na kuna toleo. Chapa mpya ni kitabu kilekile kimerudi mtamboni. Pengine kosa la herufi limerekebishwa. Toleo jipya ni lazima maandishi yenyewe yawe yamebadilika. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, toleo la pili likafuata mwaka 2004, la tatu mwaka 2013. Hapo hapana ubishi, na aliyenunua ya 1981 bado anaitumia akitaka. Kamusi haipitwi na mtihani.

Kitabu cha shule hupitwa. Sera inayotawala soko hili inaitwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023, na ilizinduliwa Dodoma Januari 31, 2025. Jina lenyewe lina miaka miwili. Je, hiyo ni sera mpya au ya zamani iliyokarabatiwa? Ukiisoma utaona elimu ya lazima ya miaka 10, jambo ambalo sera ya 2014 nayo ilikuwa imelitaja, lakini likabaki kwenye karatasi. Kwa mwanasheria, basi, neno toleo linatosha. Kwa muuza vitabu halitoshi, kwa sababu safari hii mitaala ilibadilishwa kweli na ikaanza kutumika Januari 2024, hata kabla ya uzinduzi. Mkondo wa amali ukaingia sekondari, na shule ya msingi itakuwa ya miaka 6 badala ya 7. Hakuna toleo dogo linalofuta darasa zima.

Sheria za nchi zimekwenda njia nyingine. Toleo la Urekebu la 2023 lilizinduliwa Aprili 2025 na kuanza kutumika Julai 1 mwaka huohuo. Kazi ya urekebu ni kuingiza marekebisho yaliyokwisha kupitishwa na Bunge na kupanga vifungu upya, bila kugusa maana ya sheria. Hilo ni toleo kwa haki yake, ingawa wakili mwenye seti ya 2002 kabatini atalazimika kufungua pochi kama wengine.

Ubishi huu wa nini kiitwe toleo haukuanzia kwetu. Huko Marekani, kampuni ya Wizards of the Coast, mali ya Hasbro, huuza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza unaochezwa mezani kwa vitabu vya kanuni na dadu. Mchezo huo ulianza mwaka 1974. Toleo la tatu lilitoka mwaka 2000, na miaka 3 baadaye yakaja marekebisho yaliyoitwa 3.5, nusu ya toleo, kama nusu kilo ya sukari. Toleo la tano ni la 2014. Mwaka 2024 kitabu cha mchezaji kiliandikwa upya, lakini kampuni ikakataa kukiita toleo la sita. Sababu ya kibiashara haihitaji mganga: ukitangaza la sita, vitabu vyote vya toleo la tano vilivyo madukani vinakufa siku hiyo. Hadithi za zamani zinachezeka bado kwa kanuni mpya, kwa hiyo mimi nakubaliana na kampuni.

Kipimo hichohicho kinafaa Murukulazo. Mwalimu akisema "fungueni ukurasa wa 34", mwenye kitabu cha zamani atakuta somo lilelile? Akilikuta, hilo ni toleo. Asipolikuta, amenunua kitabu kingine chenye jina lilelile.

Tangu serikali ilipoipa Taasisi ya Elimu Tanzania jukumu la kuandika vitabu vya kiada, na shule za umma kupelekewa vitabu hivyo bila malipo, duka limebaki na ziada, kiada kwa mzazi anayetaka nakala ya nyumbani, na mazoezi ya mtihani. Maktaba mtandao ya Taasisi nayo inasomwa bure, penye simu na mtandao. Katika faida nyembamba hivyo, katoni moja ya vitabu vilivyopitwa inatosha kumeza mapato ya muhula.

Wachapishaji wanaweza kupunguza hasara hii kwa gharama ya wino tu: waandike nyuma ya jalada, kwa Kiswahili cha kawaida, sura zipi zimebadilika na darasa gani linaanza kukitumia mwaka gani. Nawe mzazi, kabla hujatoa noti, fungua ukurasa wa hakimiliki usome mwaka. Usiridhike na rangi ya jalada.