Baiskeli ya gia Tabora: keria kwanza, shokapu baadaye

Baiskeli ya gia inayofaa njia za Tabora ina shokapu mbele tu. Nyuma fremu hubaki ngumu, kwa kuwa huko ndiko mzigo unakokaa. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 iliwapokonya kazi wapagazi wengi wa njia ya Bagamoyo hadi Ujiji, lakini haikufika vijiji vingi. Asali, tumbaku na mkaa wa Sikonge, Urambo na Kaliua bado hupita mchangani juu ya keria. Baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma hupendeza dukani, ila ile ya bei ya chini ni nzito, bushi zake hulegea upesi, na keria haipati pa kufungwa ikatulia.

Kwa fremu, chuma kinashinda aluminiamu hata kama kina uzito zaidi. Kikikatika, fundi yeyote wa kuchomelea hukiunga. Aluminiamu hudai mashine ya gesi. Magurudumu ya inchi 26 yana tairi na tyubu karibu kila gulio, tofauti na ya inchi 29. Breki za mpira zinatosha: hulika haraka kwenye mchanga, lakini kuzibadilisha ni kazi ndogo, wakati diski ikipinda safari imeishia hapo.

Shida kubwa iko kwenye bei, na hasa ya mtumba. Muuzaji mmoja mjini Tabora analalamika kwamba mzigo wa kontena hununuliwa Dar es Salaam kwa jumla, bila kuchagua. Rimu zilizopinda, gia zilizokufa na shokapu zilizoganda kwa kutu huhesabiwa sawa na nzima. Kisha kuna nauli ya zaidi ya kilomita 800, na spea za kufufulia zile mbovu. Hasara hiyo, anasema, huishia kwa mnunuzi wa baiskeli nzima. Maofisa husema lami iliyofika Tabora imeshusha gharama za usafirishaji. Huenda ni kweli kwa lori. Kwenye bei ya baiskeli unafuu huo hauonekani wazi.

Bodaboda zimechukua abiria, na huenda zikachukua na mizigo. Hata hivyo baiskeli hainywi petroli, na kwa mrina asali anayeingia porini kwa siku kadhaa hilo lina uzito. Mwenye fedha kidogo afadhali achukue ya gia chache yenye beringi nzima, na akiba inunue keria ya nondo.