Redio za Mkononi za Bei Nafuu: Askari Anunue Ipi?

Tumeulizwa mara nyingi na askari wenzetu, na polisi pia, ni ipi kati ya redio ndogo za mkononi inayofaa kununuliwa kwa fedha za mfukoni. Wengi wa waulizao wanakaribia kustaafu, nao wanatamani kujiunga na watu wa redio za ridhaa, wale wanaozungumza hewani kwa kujifunza na kujifurahisha. Nia hiyo twaiafiki. Marehemu Mfalme Hussein wa Jordan, aliyefunzwa uafisa huko Sandhurst, alikuwa mmoja wao, na hewani aliitwa JY1.

Ijulikanayo kuliko zote ni Baofeng UV-5R ya China, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Ni nyepesi, nguvu yake ni wati 4 hivi, na betri za akiba hupatikana kwa urahisi. Dosari yake ni kwamba karibu kazi yote ya kupokea na kurusha hufanywa na kipande kimoja tu cha elektroniki. Ukisimama karibu na mnara wenye nguvu sikio lake huziba, nawe humsikii mwenzako aliye kilima cha pili. Tena, baadhi yake zilipopimwa na maabara ya ARRL, chama cha redio za ridhaa cha Marekani, zilionekana kurusha mawimbi machafu nje ya masafa yaliyowekwa.

Quansheng UV-K5 ya mwaka 2023, nayo ya China, husikiliza masafa mapana zaidi, hata marubani, na huchajiwa kwa waya wa simu. Yaesu FT-65 ya kampuni ya Japani ina bei kubwa zaidi, lakini huvumilia zaidi kelele za minara. Kwa mwanafunzi, sisi twapendelea Quansheng. Awezaye kuongeza fedha, na achukue Yaesu.

Muuzaji akijigamba kwamba yake ina wati 8 au 10, usibabaike. Mawimbi haya husafiri karibu kama jicho lionavyo, na mtu aliyesimama kwenye uwanda hauoni upeo zaidi ya kilomita 5 hivi. Panda kilima na redio yako dhaifu, au nunua antena iliyo bora. Fedha hiyo haipotei.

Sasa tuje kwenye jambo zito. Redio hizi hazina siri. Namba ambazo wauzaji huziita za faragha hunyamazisha kipaza sauti chako tu usiwasikie wengine. Wao wanakusikia wewe. Katika vita vya Ukraine, tangu mwaka 2022, askari wa Urusi waliotumia redio za namna hii walisikilizwa na adui, na hata na raia waliokaa majumbani. Nasi tumeyaona katika zoezi moja, pale luteni kijana alipoleta redio yake mwenyewe ili kurahisisha kazi. Upande wa pili walikuwa na redio kama ile ile. Walibonyeza kitufe cha kutafuta masafa, na haikupita robo saa wakajua kikosi chake kitanywea chai wapi. Bahati njema risasi zilikuwa baridi.

Kwa hiyo redio ya kununua dukani ibaki nyumbani, na hata huko haitumiki bila leseni ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi. Masafa ya ridhaa katika Afrika ni megahezi 144 hadi 146, na 430 hadi 440. Kifaa chenyewe kitakuruhusu kubonyeza hata masafa ya polisi, sheria haitakuruhusu.

Mwisho, angalia wanunua kwa nani. Tarehe 18 Septemba 2024 redio za mkononi zenye jina la Icom zililipuka huko Lebanon mikononi mwa watu, na kampuni hiyo ilieleza kwamba aina ile, IC-V82, ilikwisha acha kuitengeneza miaka kama kumi nyuma. Nenda kwa muuzaji mwenye duka na risiti, ufungue boksi mbele yake, uitoe betri na kuikagua, kisha uijaribu redio pale pale kabla hujahesabu noti.